Bi Sitini na Kitanda cha Nne

Kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja wa zamu, wote humwita Bi Sitini, na mgeni akilisikia jina hilo mara ya kwanza humtazama nywele akitafuta mvi. Ana miaka thelathini na minane. Sitini ni namba ya kompyuta yake.

Kiwanda hutengeneza sabuni za kipande. Ukumbi wa kufungashia una mashine kumi na moja katika mistari miwili: za kukata, za kupiga mhuri, za kuvalisha karatasi, za kubandika lebo, na ile kubwa ya mwisho inayofunga katoni. Zote zimeunganishwa kwa nyaya, na zote hupokea amri kutoka kompyuta moja tu, mpakato nyeusi yenye ufa pembeni, ambayo Bi Sitini huibeba ubavuni kama mtoto anayekataa kushuka. Mashine ikigoma, hakimbilii spana. Huvuta kiti cha plastiki, huiweka kompyuta magotini na kuiuliza mashine inaumwa wapi.

"Mashine haijui sura," huwaambia wafanyakazi wapya. "Hata ukijipodoa vipi haikuoni. Inajua namba."

Jambo hili linahitaji kuelezwa, maana ndilo lililomfikisha alikofika. Kompyuta inapoingia katika mtandao hupewa namba ya anwani, kama mgeni anavyopewa chumba katika nyumba ya wageni. Akiondoka, chumba hupewa mwingine. Kompyuta nyingi huishi hivyo: zikifika huuliza mapokezi, hupewa chumba, hutulia. Ya Bi Sitini haikuwa ya kuuliza. Mashine za sabuni zilifundishwa kumtii wa chumba cha sitini peke yake, kwa hiyo aliiandikia kompyuta namba hiyo kwa mkono, iwe yake daima. Popote ilipofika, kiwandani, nyumbani au kwa watu, ilipita mapokezi bila salamu na kwenda moja kwa moja chumba cha sitini. Wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu aliingia kila boma kama mwenye mji.

Na kama chumba kina mtu? Kompyuta yenye adabu hugonga kwanza. Ikisikia sauti ndani, humwonya mwenyewe kwamba namba hiyo inatumika. Bi Sitini alikuwa ameuzima ukaguzi huo miaka mitatu nyuma, siku mashine ya lebo ilipopata wazimu na kuanza kujitangaza kuwa yeye ndiye sitini, ikamfungia fundi wake nje huku katoni tupu zikirundikana hadi mlangoni. Alikusudia kuurudisha jioni ileile. Kila fundi ana mambo yake ya jioni ileile.

Nyumbani matokeo yake yalikuwa kichekesho. Akifungua kompyuta sebuleni, televisheni ya mama mkwe wake ilikata picha.

"Wivu huo," mama mkwe alisema. "Kidude chako hakipendi nitazame kingine."

"Kimezeeka tu, Mama."

"Hata mimi nimezeeka. Umeniona nikizima watu?"

Mumewe aliangua kicheko mpaka akashika kiuno. Alikuwa mpaka rangi wa majengo, mtu mrefu mwenye madoa ya rangi hata kwenye nyusi, na kila mtu alimwita Brashi, mama yake mzazi akiwa wa kwanza. Bi Sitini alijua vizuri kwamba televisheni ile nayo ilikuwa imepewa sitini, na kwamba kuitenganisha na kompyuta yake ni kazi ya dakika moja. Alifunga kompyuta, picha ikarudi, mazungumzo yakaendelea.

Jumanne moja asubuhi jukwaa la mbao lilivunjika ghorofa ya tatu. Brashi alianguka akiwa na kopo mkononi, akavunja mbavu nne upande wa kushoto na kugonga kichwa. Walipomfikisha hospitali alikuwa anahema lakini hasemi, na madaktari wakaamua alazwe usingizi kwa dawa hadi ubongo utulie.

Alilazwa chumba cha uangalizi katika jengo jipya. Kilikuwa na vitanda sita, ukuta mmoja wa kioo, na nje ya kioo meza ya wauguzi yenye kompyuta kubwa. Kichwani mwa kila kitanda kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ya kijani, kimefungwa kwa waya kwenye kidole cha mgonjwa. Chenyewe hakikuonyesha namba yoyote. Kilisikiliza moyo na kupeleka habari mezani, na huko, kwenye safu sita, mioyo sita iliandikwa kwa tarakimu kubwa za manjano. Mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa Brashi.

Ndugu waliruhusiwa mmoja mmoja. Mama mkwe alichukua asubuhi, kuanzia saa nne, wakati mgonjwa anapooshwa na kugeuzwa. Bi Sitini alitoka kiwandani mchana na kukaa naye kuanzia saa tisa hadi saa kumi na nusu. Alikuja na kompyuta, kwa sababu ripoti za mashine zilitakiwa kabla ya zamu ya jioni kuingia, na meneja alikuwa amemwambia, kwa upole wa watu wasiolala hospitali, kwamba ajitahidi.

"Dada, waifai ya wageni ipo," muuguzi wa mchana alimwambia siku ya kwanza. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. "Neno la siri ni jina la jengo, herufi ndogo. Usiwape wale wa nje, watahamia hapa."

Bi Sitini aliketi, akafungua kompyuta, ikashika mtandao. Aliandika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa juu ya mkono wa mume wake.

Siku ya tatu muuguzi alimwita mezani akiwa anatabasamu.

"Njoo uone kitu. Asubuhi nzima alikuwa mia na tano, mia na kumi, anapanda anashuka kama mtoto kwenye ngazi. Wewe umeingia saa tisa. Tazama."

Tarakimu za kitanda cha nne zilisomeka themanini na moja. Vitanda vingine vilikuwa vikibadilika kila mara, sabini na mbili, sabini na nne, tisini, themanini na nane. Cha nne kilikuwa kimetulia.

"Anakujua," alisema muuguzi. "Mtu akiwa usingizini bado anajua nani kamshika mkono. Nimeona mengi hapa. Na ukiondoka anaanza tena. Jana umefika tu kwenye lifti, paap, mia na kumi na mbili. Anakulilia."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa ameishi na Brashi miaka kumi na minne bila mtoto, katika nyumba moja na mama aliyempenda mwanawe kupita kiasi, na mara nyingi alijiona kama mpangaji kati ya watu wawili wenye damu moja. Sasa mashine, kitu alichokiamini kuliko maneno ya watu, ilikuwa imetoa ushahidi.

Ushahidi ule ulikuwa na upande wa pili. Siku ya tano muuguzi alimwendea mama mkwe, akamshika kiwiko.

"Mama, usinielewe vibaya. Mwanao anahangaika ukiwa ndani. Labda sauti yako inamfanya atake kuamka. Tungeomba kwa sasa ukae huku nje, umtazame kwenye kioo."

Mama mkwe alilitazama benchi la korido, kisha akamtazama muuguzi.

"Nimemzaa kwa siku mbili za uchungu," alisema. "Leo nimekuwa kelele?"

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo. Ila wewe una adabu."

Akaketi, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama wa mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Tangu siku ile hakuingia tena. Alikuja saa nne kama kawaida, akakaa nje hadi alasiri, akamtazama mkwewe akipita na kompyuta yake kwenda kumtuliza mwanawe. Bi Sitini alimwamkia na kupita. Alimhurumia, hilo ni kweli. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kinachotabasamu. Alikijua, na hakukifukuza.

Jumapili alikwenda bila kompyuta, kwa kuwa alikuwa ameiacha kiwandani ikipakua programu mpya za mashine ya katoni. Alasiri ile muuguzi alitikisa kichwa. "Leo hataki utani. Mia na kumi na saba. Mmegombana?" Bi Sitini alicheka kidogo. Aliinama sikioni mwa mumewe, akamwomba msamaha kwa makosa ambayo hakuyajua. Jumatatu akarudi na kompyuta, na namba ikatulia kwenye themanini na nne.

Alhamisi, siku ya kumi, daktari alipita saa kumi kamili kama ilivyo ada yake. Alikuwa kijana mwembamba anayesoma karatasi haraka kuliko anavyozungumza. Aliitazama namba ya kitanda cha nne kutoka mezani, sabini na sita, akageuza kurasa, akaingia.

"Habari njema," alisema. "Kila alasiri ninapopita moyo wake uko imara. Asubuhi anapanda, lakini ndiyo saa ya kumgeuza na mbavu zinauma. Jioni pia. Kesho saa nne tunamhamishia wodi ya kawaida, halafu tutaanza kupunguza dawa ya usingizi. Kitanda hiki kina mtu anayekisubiri."

"Na kisanduku?" aliuliza Bi Sitini.

"Kule havipo. Ila hatakihitaji."

Alimshukuru mara mbili. Daktari alitoka, akakutana na mama mkwe koridoni, na kupitia kioo Bi Sitini alimwona mama yule akijifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Habari ilikuwa imefika. Muuguzi alimpigia Bi Sitini makofi ya kimyakimya kutoka mezani.

Aliipeleka ripoti, akaiacha kompyuta wazi juu ya meza ndogo, akamshika Brashi kifundo cha mkono ili amwambie. Hakuwa na nia ya kuhesabu chochote. Lakini kidole chake gumba kilikaa penye mshipa, na mshipa ulikuwa unakimbia.

Alidhani ni kidole chake mwenyewe. Akashika tena kwa vidole viwili, kama alivyomwona muuguzi akifanya. Mshipa uligonga, uligonga, uligonga, hauna nafasi kati ya pigo na pigo. Aliitazama saa ya ukutani na kuhesabu nusu dakika. Hamsini na tisa. Akarudia. Sitini. Ngozi ya mume wake ilikuwa na joto, na juu ya mdomo kulikuwa na matone ya jasho.

Kisha akainua macho. Nje ya kioo, kwenye safu ya nne, kulikuwa na sabini na sita.

Kwenye vidole vyake palikuwa na moyo unaokimbia kama mtu anayefukuzwa, na pale nje palikuwa na moyo mwingine, wa mtu aliyelala barazani baada ya chakula, na yote miwili ilikuwa na jina la mume wake. Moyo ule wa pili ulikuwa wa nani?

Kwa dakika chache alichagua kuamini kioo. Vidole vyake ndivyo vilivyokosea. Alikuwa amechoka, hakuwa muuguzi, daktari alikuwa amesoma miaka saba. Kesho saa nne walikuwa wanamhamisha, mama yake alikuwa analia kwa furaha nje ya mlango, na kusema neno sasa ni kuwanyang'anya wote kitu walichokisubiri siku kumi. Alikaa hivyo, mkono umeshika mshipa, macho yameshika namba. Sabini na sita. Kitanda cha tatu kilipanda kikashuka. Cha tano kilitoka themanini kwenda themanini na mbili. Sabini na sita. Hata saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika saba.

Hapo ndipo fundi aliyekuwa ndani yake alipoamka, na fundi hajui kujifariji. Moyo wa kiumbe hai hausimami kwenye namba moja dakika saba. Namba inayosimama hivyo huwa imekufa, na aliyeiacha hapo ameondoka. Kiwandani alikuwa ameona jambo hilo mara elfu: mashine ikikatika, kioo hubaki kimeonyesha neno lake la mwisho. Je, imekatika kwa nini? Na kwa nini alasiri tu? Na Jumapili?

Alijibu kabla ya kutaka kujibu. Alikumbuka sebule, televisheni ikipoteza picha, mama mkwe akisema wivu. Macho yake yalishuka polepole kutoka kwenye kioo hadi kwenye meza ndogo, hadi kwenye kompyuta nyeusi yenye ufa pembeni, iliyokuwa imekaa wazi kwa utulivu, umbali wa mkono mmoja kutoka kisanduku cheupe. Pembeni mwa kisanduku kulikuwa na karatasi ya fundi aliyevifunga, namba za vitanda zimeandikwa kwa kalamu. Kitanda cha kwanza kilikuwa kimepewa hamsini na saba. Alihesabu. Hakuhitaji kusoma cha nne.

Aliifunga kompyuta.

Hakuna kilichotokea. Sabini na sita. Aliendelea kuhesabu kimoyomoyo, na alipofika arobaini na mbili namba ilitikisika, ikapotea, ikarudi. Mia na kumi na tisa. Kengele ya mezani ililia.

Muuguzi aliingia miwani ikimruka kifuani. "Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Simama hapo uangalie kioo." Bi Sitini alifungua kompyuta. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali. "Angalia."

Kompyuta ilishika mtandao. Kengele ilikatika katikati ya mlio. Mia na ishirini na moja, ikasimama hapo.

"Amepata nafuu?" aliuliza muuguzi.

"Mshike mkono."

Muuguzi alimshika. Midomo yake ilihesabu. Akatazama kioo, akatazama mgonjwa, akamtazama Bi Sitini, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi alimtazama kama mtu asiyemjua.

Bi Sitini alifunga tena. Kengele ikalia: mia na ishirini na nne. Alifungua. Kimya. Kila alipoinua mfuniko, moyo wa mume wake ulisimama kule nje kama mtu aliyeamriwa kunyamaza, na huku ndani, chini ya shuka, kifua kiliendelea kupiga bila msikilizaji.

"Acha, dada," muuguzi alinong'ona. "Acha. Unanitisha."

"Si kwamba ananijua," alisema Bi Sitini. "Nimekaa juu ya namba yake. Kisanduku chake ni sitini na hii ni sitini. Nikiingia, mashine yenu inaacha kumsikia yeye. Inabaki na neno lake la mwisho, ikidhani bado anasema."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa neno la siri."

Daktari aliitwa, akarudi akiwa na chai mkononi. Hakubishana. Aliketi mezani, akafungua kumbukumbu za siku zote za kitanda cha nne na kuzipanga juu chini kwenye kioo. Zilikuwa na milima na mabonde kama maandishi ya mtu mwenye haraka, na kila siku, kuanzia saa tisa na dakika chache hadi saa kumi na nusu, mstari ulinyooka kama uliopigwa kwa rula. Siku nane mistari minane. Jumapili peke yake mstari ulikwenda ukipanda, ukapita mia na kumi, ukapita mia na ishirini, ukakaa huko hadi magharibi.

"Alasiri ndiyo saa yake mbaya," alisema daktari taratibu. "Saa tisa anatulia kidogo, na ndipo namba iliposimama; baada ya hapo homa inapanda. Na mimi napita alasiri, Jumapili tu sipiti." Chai aliiweka mbali. "Aliyefunga mtandao huu amewaweka wageni na wagonjwa kapu moja. Hilo nitalishughulikia. Kesho hahami. Leo anapigwa picha ya kifua."

"Angehamia kule kesho ingekuwaje?"

"Kule muuguzi mmoja ana vitanda thelathini," alisema daktari. "Swali hilo usiniulize, na wewe usijiulize."

Picha ilionyesha usaha uliojikusanya nyuma ya mbavu zilizovunjika. Saa kumi na mbili jioni Brashi alisukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Mama mkwe alisimama magurudumu yalipopita, akataka kumgusa, akajizuia, akarudisha mkono kwenye mkoba. Bi Sitini aliuona mkono ule ukirudi. Kama kulikuwa na nafasi ya kunyamaza, hapo ndipo ilipokwisha.

Aliketi kando yake kwenye benchi.

"Mama, nina neno. Si wewe uliyekuwa unamhangaisha."

Alimweleza yote: sitini mbili, kisanduku, namba inayosimama, mistari minane. Alitumia mfano wa televisheni, maana ndio uliokuwa karibu. Mama mkwe alisikiliza akiutazama mlango.

"Kwa hiyo siku tisa nimekaa hapa nje bure."

"Ni siku sita, Mama. Ulianza kukaa nje siku ya…"

"Usinihesabie."

"Nisamehe, Mama."

"Na ulijua lini?"

"Leo. Hii ya leo." Alisita. "Lakini nilipenda. Walipokutoa nje, moyoni nilipenda kwamba anayemtaka ni mimi. Kama nisingependa, ningeuliza mapema kwa nini namba haisogei. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuuliza kwa nini namba haisogei."

Koridoni mtu alipita akisukuma ndoo ya maji yenye dawa. Mama mkwe alisubiri apite.

"Kwa hiyo hakunikataa."

"Hakukukataa, Mama."

"Na wewe hakukulilia."

"Sijui. Saa zile zote hazijaandikwa popote. Alikuwa na moyo wa namna gani nilipomshika, hakuna anayejua na hatajua mtu."

Mama mkwe alitoa leso mkobani, akaitazama, akairudisha. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, si kwa ukali, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi. Bi Sitini hakujua kama alikuwa anampisha au anamkwepa, akabaki alipokaa. Walikaa hivyo hadi daktari alipotoka na kusema usaha umeondolewa na mgonjwa anapumua.

Jumatatu iliyofuata walipunguza dawa ya usingizi. Jumatano saa tisa alasiri Brashi alifumbua macho. Muuguzi, kinyume cha utaratibu, aliwaruhusu wote wawili kuingia. Mama mkwe alikaa upande wa kulia, akamshika mwanawe mkono wote hadi kwenye kiwiko. Bi Sitini alikaa kushoto. Kompyuta ilikuwa kiwandani, na mtandao wa wageni ulikuwa umezimwa tangu Ijumaa.

Brashi alitazama dari muda mrefu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Nani, mwanangu?" aliuliza mama yake. "Hatujaenda popote."

"Mchana. Kila mchana." Alipumzika, akameza mate kwa shida. "Kulikuwa na watu, nasikia watu. Halafu inafika saa, kimya. Kama mtu kafunga mlango. Naita. Naita sana. Hakuna anayesikia."

"Ndoto hiyo, baba," alisema mama mkwe. "Dawa zile."

Brashi aligeuza macho polepole hadi yakamfikia mke wake. "Mlikuwa mnaniacha peke yangu."

Mama mkwe alimtazama Bi Sitini juu ya kitanda. Alikuwa tayari ametoa jibu la ndoto, na jibu lile lilikuwa bado liko pale, mtu yeyote angeweza kulichukua.

Bi Sitini alivuta kiti karibu.

"Nilikuwa hapa," alisema. "Nimekaa hapa hapa, nimekushika mkono huu. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Ngoja nikueleze, na ukichoka nizuie."

Akaanza, tangu siku ya mashine ya lebo. Nje ya kioo, kwenye safu ya nne, namba ilikuwa themanini na nane, kisha tisini na moja, kisha tisini na sita. Muuguzi aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, akavaa miwani, akasimama na mkono juu ya kitasa cha mlango, akiitazama inavyopanda.